Kupima utambuzi na ubora wa maisha baada ya jeraha la kichwa: mwongozo kamili kwa wahudumu wa Mombasa

Picha ya CT huonyesha damu ilipovujia. Haionyeshi kama dereva wa tuktuk atakumbuka abiria alitaka kushukia wapi, wala kama mkewe bado anaitambua tabia yake. Mambo hayo hupimwa kwa njia mbili, na kila moja ina kazi yake. Utambuzi, yaani kumbukumbu, umakini, kasi ya kufikiri na uwezo wa kupanga mambo, hupimwa kwa kumpa mtu kazi na kutazama anavyoifanya. Ubora wa maisha hupimwa kwa kumuuliza mwenyewe anayaonaje maisha yake. Wapo wenye kumbukumbu mbovu walioridhika kabisa, na wapo wenye alama nzuri za kumbukumbu wasiokuwa na raha hata kidogo. Usitumie kimoja kubashiri kingine.

Mwongozo huu ni wa maafisa wa kliniki, wauguzi, wataalamu wa tiba ya kazi na fiziotherapia, pamoja na watafiti wanaofuatilia watu wazima walioumia kichwa. Karibu vipimo vyote vinavyotajwa hapa vilitungwa ughaibuni, kwa lugha nyingine na kwa watu waliokwenda shule kwa mpangilio mwingine. Kutoa alama ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kujua kipimo kinajikwaa wapi kinapovuka maji kuja huku, na ndiyo sababu sehemu hiyo imepewa nafasi kubwa.

Vipimo vya kuweka mezani

Ukali wa jeraha haupimwi kliniki, hutolewa kwenye faili. Tafuta alama ya Glasgow ya kupoteza fahamu, iliyotungwa mwaka 1974, inayojumlisha macho (1–4), kauli (1–5) na mwendo wa viungo (1–6). Jumla ya 13–15 huhesabiwa jeraha dogo, 9–12 la wastani, 3–8 kubwa. Nakili alama zote tatu, pamoja na saa zilipochukuliwa. Aliyewekewa mpira wa kupumulia hana alama ya kauli. Aliyefika amelewa, au aliyekwisha kuchomwa dawa ya usingizi, ana alama ambayo haiuelezi ubongo peke yake. Andika hivyo.

Kwa utambuzi tumia MoCA, yenye alama 30 na inayochukua kama dakika 10. Orodha ya maneno 15. Na kipimo cha kasi cha kuunganisha namba kwa kalamu. Kwa ubora wa maisha tumia EQ-5D-5L, yenye maswali matano na kipimajoto cha kujipima afya cha 0 hadi 100, kwa sababu inakuwezesha kulinganisha na wagonjwa wa aina nyingine. Ongeza QOLIBRI, iliyotungwa mahsusi kwa walioumia ubongo: maswali 37 katika nyanja sita, au toleo lake fupi la maswali sita tu. Kwa hali ya moyo, yaani hisia na huzuni, kuna PHQ-9. Kwa matokeo ya jumla kuna GOSE, ngazi nane, kuanzia 1 (amefariki) hadi 8 (amepona vizuri kabisa).

Kliniki yenye msongamano na mhudumu mmoja ifanye GOSE na QOLIBRI fupi, izifanye vizuri, iache nyingine. Vipimo viwili vilivyokamilika kwa kila mgonjwa vina faida kuliko saba vilivyojazwa nusunusu.

Ruhusa ziombwe mapema. EQ-5D husajiliwa kwa wamiliki wake, EuroQol. MoCA inamtaka mpimaji awe amepita mafunzo yao na kupata cheti. QOLIBRI nayo ina wenyewe. Waulize wote kama wana toleo la Kiswahili lililoidhinishwa kabla hujagusa tafsiri. Ikiwa halipo na unalazimika kutafsiri, wawili watafsiri kila mmoja kivyake, wakae na mtu wa tatu kupatanisha, wengine wawili warudishe kwenye lugha ya asili bila kuona matini ya mwanzo, kisha wagonjwa wachache wasomewe kila swali na waeleze kwa maneno yao wameelewa nini. Wachague watu mbalimbali: wa Mji wa Kale, wa Likoni, na waliokuja kutoka bara. Kiswahili chao hakifanani, na swali linaloeleweka Kibokoni laweza kugonga mwamba Changamwe.

Ukiwa unafanya utafiti, unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti. Hata kwa kazi ya kawaida ya kliniki, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Karatasi zenye majina na karatasi zenye alama zisikae kwenye faili moja.

Lini upime

Vituo vitatu vimezoeleka: miezi 3, 6 na 12 tangu siku ya ajali. Hesabu kutoka ajali, si kutoka kuruhusiwa wodini, maana kuna anayekaa siku mbili na kuna anayekaa miezi miwili. Jiwekee dirisha, mathalani wiki mbili kabla na mbili baada ya tarehe ya miezi 3, na lisibadilike katikati ya kazi.

Kumfikia mtu wa mwezi wa 12 kunategemea ulichoandika siku ya kwanza. Chukua namba tatu za simu: yake, ya anayeishi naye, na ya jamaa aliye nje ya Mombasa. Ya tatu ndiyo huokoa kazi. Aliyepanga chumba mtaa wa Bangladesh au Mshomoroni na sasa hawezi kujihudumia hupelekwa kwao, Kaloleni, Taita au Kitui, na laini yake huzimwa. Piga siku mbili kabla, rudisha nauli kwa M-Pesa siku hiyohiyo, na usiite watu Ijumaa adhuhuri. Kumbuka pia kwamba wasiorudi hawakosekani kwa bahati nasibu tu: aliyepona amerudi kazini na hana nafasi, na aliyezidiwa yuko kitandani. Ukiwapima wale waliokuja tu, unapima watu wa katikati. GOSE inaweza kufanywa kwa simu, na MoCA ina toleo la simu lenye alama 22. Yatumie hayo kuliko kuacha pengo.

Chumba, saa na mwili wa mgonjwa

Unahitaji meza, viti viwili, mlango unaofungika, penseli mbili, saa ya kuhesabu sekunde, kadi za majibu zenye herufi kubwa, maji ya kunywa, na miwani ya kusomea ya nguvu mbalimbali. Miwani si anasa. Wengi hupoteza yao palepale kwenye ajali na hawajanunua nyingine, na macho yasiyoona karatasi hutoa alama sawa na ubongo ulioumia. Feni iwashwe, televisheni izimwe, simu za wote wawili zinyamazishwe.

Pima asubuhi. Mchana joto la Mombasa humlegeza hata mzima, na uchovu wa ubongo ulioumia hupanda kadiri siku inavyokwenda. Mwezi wa Ramadhani kwa anayefunga, ama pima mapema asubuhi ama sogeza hadi baada ya Idi ikiwa dirisha linaruhusu, na uandike kwamba alikuwa amefunga. Kabla ya kuanza uliza na kuandika: amelala kwa muda wa saa ngapi, kichwa kinauma kiasi gani, amekunywa dawa gani leo. Dawa za kifafa, za maumivu makali na za usingizi hupunguza kasi ya kufikiri. Uliza kuhusu pombe, na kuhusu muguka na miraa, bila kukunja uso. Aliyekesha anatafuna hana umakini asubuhi, na mzoefu aliyeacha jana anasinzia.

Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, udhaifu wa upande mmoja au degedege: funga karatasi, mpeleke dharura. Vipimo vingoje.

Msalimu kwa heshima ya umri wake. Mzee apewe shikamoo yake, na mama aitwe Mama Fulani kama anavyoitwa kwake. Usimwambie unapima akili, kwa kuwa atasikia kwamba unamshuku wazimu, na ndugu waliomleta watasikia hivyohivyo. Mwambie utaangalia kumbukumbu na umakini baada ya ajali, kwamba kazi nyingine ni rahisi na nyingine ngumu kwa kila mtu, na kwamba hakuna kufeli.

Mlango wa kwanza: je, kumbukumbu imetulia?

Baada ya pigo, mtu anaweza kuzungumza, kula na kukutambua, na bado asihifadhi lolote la siku hiyo. Kumpa dodoso la ubora wa maisha katika hali hiyo ni bure. Wodini tumia GOAT, kipimo cha mwaka 1979. Huanza na alama 100 na kupunguza kwa kila kosa kuhusu jina, kuzaliwa, mahali, alivyofika, tukio la mwisho kabla ya ajali na la kwanza baada yake, saa na tarehe. Alama 76 na zaidi ni kawaida, 66–75 ni mpakani, chini ya 66 kumbukumbu bado imevurugika. Rudia kila siku, na usimhesabu ametoka kwenye ukungu wa kumbukumbu mpaka apate 76 au zaidi siku mbili mfululizo. Idadi ya siku alizokuwa ndani ya ukungu huo ni habari ya thamani: chini ya saa 1 huashiria jeraha dogo, saa 1–24 la wastani, siku 1–7 kubwa, zaidi ya siku 7 kubwa sana.

Mtego wa kwanza wa Kiswahili uko hapa. GOAT hukata alama 1 kwa kila nusu saa ambayo mgonjwa amekosea, mpaka 5. Mgonjwa akisema saa nane mchana, na mhudumu aliyezoea faili za Kiingereza akaandika 8:00 wakati ukutani ni 14:00, mtu aliye sawa amepoteza alama zote 5. Andika jibu kwa maneno yake, kisha geuza.

Tarehe ya kuzaliwa ilinganishwe na kitambulisho, si na ukweli usiojulikana. Wazee wengi waliandikiwa siku yoyote. Na anayekutajia mwezi wa Kiislamu kwa usahihi, lakini Machi akaisahau, anajua yupo wapi katika mwaka. Mpe nafasi ya pili kwa kalenda nyingine, na uandike majibu yote mawili.

Ubora wa maisha kwanza, mitihani baadaye

Anza na EQ-5D-5L na QOLIBRI. Ukitanguliza kazi za kumbukumbu, mtu anayetoka kushindwa maneno manne kati ya matano atakuambia maisha yake hayana maana, na utakuwa umepima dakika 10 zilizopita.

EQ-5D huuliza kuhusu kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni, kila moja kwa ngazi tano. Inauliza hali ya leo. QOLIBRI inauliza wiki iliyopita, PHQ-9 wiki mbili. Mgonjwa hataubeba mpaka huo kichwani, kwa hiyo mpe kigingi cha kushika: tangu Ijumaa iliyopita, tangu mshahara, tangu mtoto alipofungua shule. Matokeo huandikwa kama tarakimu tano, mfano 21342. Hiyo ni anwani ya hali yake, haijumlishwi wala haitafutiwi wastani. Kuigeuza kuwa thamani moja kunahitaji jedwali lililotengenezwa kwa nchi fulani, na jina la nchi hiyo lazima litajwe kwenye ripoti.

Kipimajoto cha 0–100 huwasumbua walioishia darasa za chini, na waliosoma nao hukiona kama alama za mtihani, wakajipa 50 ya kupita. Soma maelezo rasmi, onyesha kwa kidole juu na chini, kisha mwache aweke alama mwenyewe. Akitaja namba na kidole kikaenda kwingine, muulize tena taratibu. Usimchagulie.

Ugumu mkubwa zaidi ni jibu la Alhamdulillah. Ukimuuliza mtu wa Pwani ameridhika kiasi gani na anavyoweza kufanya kazi zake, atakujibu hivyo, au namshukuru Mungu, au hivyohivyo tu, na kwa wengi kusema sijaridhika ni kama kukufuru. Hilo si jibu la kuwekwa kwenye ngazi ya 5. Pokea shukrani yake, kisha sema: «Tumeshukuru. Sasa nataka kujua mwili na kichwa vinakusumbua wapi, tujue pa kusaidia. Kati ya kadi hizi tano, ni ipi inayofanana na wiki yako?» Weka kadi tano mezani kwa mpangilio uleule, kutoka kutoridhika hata kidogo hadi kuridhika sana, agonge kwa kidole. Watu wanaoona vigumu kutamka lalama hugonga kadi bila shida.

QOLIBRI ndefu inagusa pia mahusiano na unyumba. Usiulize mama mkwe akiwa chumbani, na kijana asimuulize bibi wa makamo ya mamake. Wawepo wapimaji wa jinsia zote, na mgonjwa aruhusiwe kuruka. Kurukwa ni data, kubahatishwa si data.

Hesabu ya toleo fupi ni hii: kila swali lina alama 1–5. Tafuta wastani, toa 1, zidisha kwa 25. Aliyejibu 3, 2, 4, 3, 2, 3 ana jumla 17, wastani 2.83, ukitoa 1 unabaki na 1.83, mara 25 ni takriban 46 kati ya 100. Katika toleo refu, maswali ya hisia na ya mwili yanauliza mtu anasumbuliwa kiasi gani, hivyo hugeuzwa kwanza: 5 huwa 1, 4 huwa 2. Wanaosahau kugeuza hupata wagonjwa wanaofurahia maumivu yao.

Utambuzi: mahali pa kwenda taratibu

Fanya MoCA nzima bila kuikatiza, kwa sababu ina maneno yake matano ya kukumbukwa baada ya kama dakika tano. Soma maelekezo neno kwa neno. Usitingishe kichwa, usiseme vizuri baada ya kila jibu. Sema tu tunaendelea.

Kuchora saa ndiko kunakoumiza watu bure. Kipimo kinataka 11:10. Mpimaji akiisoma kuwa saa kumi na moja na dakika kumi, mgonjwa atachora jioni, akrabu fupi ikielekea 5, naye yuko sahihi kabisa. Kiswahili cha muda huo ni saa tano na dakika kumi, akrabu fupi kwenye 11 na ndefu kwenye 2. Kwa hiyo kabla ya kuanza amueni lugha ya kipimo, iandikwe juu ya karatasi, na msibadilishe njiani. Vijana waliozoea saa ya simu wakati mwingine huwaza kwa Kiingereza. Muulize mapema atajisikia huru kwa lugha ipi.

Kutaja maneno yanayoanza na herufi moja ndani ya dakika moja kunataka maneno 11. Kiswahili hakikubali kanuni hiyo kirahisi. Herufi K ikitumika, kila kitenzi chenye ku- kinaingia: kula, kulala, kucheza, kuoga, bila kikomo. M inafungua mlango wa watu na miti yote. Tumia herufi ya toleo lililoidhinishwa, na ushike kanuni ya mzizi mmoja, alama moja: fanya, fanyia na fanyika ni neno moja. Kwa kuongezea, uliza wanyama kwa dakika moja na uiweke hesabu hiyo pembeni. Mvuvi wa Mtongwe atakutajia changu, tafi, nguru, kolekole na jodari mfululizo, zote zahesabiwa. Akisema samaki kisha akataja aina, samaki haihesabiwi.

Namba za kurudia mbele na nyuma zisomwe moja kwa sekunde. Watu wa mjini hutaja namba za simu kwa Kiingereza, na namba za Kiswahili ni ndefu kidogo mdomoni. Anayepimwa kwa Kiswahili mwezi wa 3 na kwa Kiingereza mwezi wa 6 atapanda bila kupona. Kutoa 7 kutoka 100 kuachwe kama kulivyo. Ukimwona muuzaji wa Kongowea anashindwa hapo, muulize baada ya MoCA kuisha: nazi mbili kwa shilingi 40 kila moja, umetoa 200, chenji ngapi? Jibu lake, 120, lisiongezwe kwenye alama, liandikwe chini kama maelezo.

Halafu elimu. MoCA huongeza alama 1 kwa mwenye miaka 12 ya shule au pungufu. Kwa mfumo wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu), aliyemaliza kidato cha nne ana miaka 12, hivyo anaipata. Wapimaji wengi humnyima wakidhani sekondari inatosha. Waliosoma mfumo wa zamani, waliofanya mtihani wa darasa la saba kabla ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, kuanza mwaka 1985, wana miaka 11 kwa kidato cha nne na 13 kwa kidato cha sita. Hawa wa mwisho hawaipati. Hesabu madarasa aliyovuka, si miaka aliyokaa, kwa kuwa kurudia darasa kulikuwa jambo la kawaida. Miaka ya madrasa iandikwe peke yake.

Mpaka wa alama 26 ulitoka Kanada. Mama aliyeacha shule darasa la nne anaweza kuwa chini ya 26 miaka kumi kabla ya ajali. Usitumie namba hiyo kama kisu. Kuna toleo la MoCA kwa wenye elimu ndogo. Kwa utafiti, kundi bora la kulinganisha liko wodi ya jirani: waliovunjika mguu au mkono kwenye ajali zilezile za bodaboda bila kuumia kichwa, wa rika moja na shule moja. Nao wana maumivu, wamekosa kazi, wameogopa. Tofauti inayobaki kati ya makundi mawili inaweza kudhaniwa kuwa ya ubongo.

Baada ya mapumziko ya dakika 10 na maji, ingia kwenye orodha ya maneno 15. Soma neno moja kwa sekunde, arudie anayoyakumbuka kwa mpangilio wowote, na yote haya mara tano. Kama mnatunga orodha ya Kiswahili, msiweke kiti, kisu na kikombe pamoja: kiambishi kimoja huwa kamba ya kuvutia maneno yote. Changanyeni ngeli, na urefu wa maneno ukaribiane. Kisha fuata orodha ya pili ya kuvuruga, mara moja, na umuulize tena ya kwanza. Dakika 20 hadi 30 baadaye, bila kumwonya, muulize ya kwanza kwa mara ya mwisho. Muda huo wa katikati ujazwe na kazi zisizo za maneno. Ni nafasi nzuri ya mtaalamu wa fiziotherapia kupima nguvu ya mkono na kutembea.

Kuunganisha namba 1 hadi 25, sehemu A, hupima kasi. Sehemu B, ya kubadilishana namba na herufi, hupima uwezo wa kuhama wazo moja kwenda jingine. Fanya zoezi la majaribio kwanza. Akikosea, mrudishe pale alipokuwa sahihi huku saa ikiendelea. Zaidi ya sekunde 78 kwa A na 273 kwa B kwa kawaida huhesabiwa upungufu. B isimamishwe kwenye sekunde 300. Asiyekariri abjadi ya Kilatini, hata kama anasoma Qurani bila kusita, B si kipimo chake. Tumia toleo la rangi, lenye duara za waridi na njano badala ya herufi.

Mkono wa kuandikia ukiwa kwenye plasta, usimpe sifuri kwa michoro. Andika haikufanyika, na kwa nini.

Hali ya moyo

PHQ-9 ina maswali tisa, alama 0–27; 5, 10, 15 na 20 ni mipaka ya ngazi nyepesi hadi kali, na 10 ndipo wengi wanapoanza kumtazama mtu kwa karibu. Uchovu, usingizi mbovu na kukosa umakini ni vya sonona na pia ni vya ubongo ulioumia, hivyo jumla peke yake hudanganya. Tazama maswali mawili ya kwanza, kukosa hamu na huzuni, yanakwendaje. Swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujiumiza. Jibu lolote lililo juu ya 0 haliachwi kwenye karatasi: usimwache peke yake, zungumza naye, aonwe na daktari wa afya ya akili siku hiyohiyo, na familia iondoe dawa na sumu nyumbani. Kama hujapanga nani atapigiwa, usiulize swali hilo mpaka umepanga.

Ndugu, na GOSE

Aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo mara nyingi haoni upungufu wake. Atajipa alama za juu kwa unyofu kabisa. Kwa hiyo mhoji ndugu anayeishi naye, chumba kingine, kwa maswali ya nyumbani: anarudia swali lilelile? Amewahi kusahau sufuria jikoni mpaka ikaungua? Akitumwa dukani vitu vitatu analeta vitatu? Hasira zimebadilika? Majibu ya ndugu hayasahihishi ya mgonjwa kwenye ubora wa maisha. Yanakaa kando yake. Pengo kati ya wawili hao ni matokeo yenyewe.

GOSE huulizwa kwa mahojiano yenye mpangilio, na mtu hupewa ngazi ya chini kabisa anayoangukia. Swali kuu la utegemezi ni kama anaweza kuachwa peke yake kwa muda wa saa nane. Asiyeweza yuko ngazi ya 3, anayeweza lakini anahitaji msaada kila siku yuko ya 4. Asiyehitaji msaada nyumbani huulizwa kununua vitu na kusafiri. Uliza uwezo, si desturi: mwanamke asiyekwenda sokoni kwa utaratibu wa nyumba yao si mlemavu. Kusafiri kupimwe kwa mambo ya hapa: anaweza kupanda matatu kutoka Mlaleo, kutoa nauli, kuhesabu chenji, na kushuka kituo chake, au kuvuka Likoni bila mtu? Asiyeweza kazi yoyote, au anayeweza kazi ya uangalizi tu, huwekwa ngazi ya 5. Aliyerudi kwa uwezo uliopungua ni 6. Kuli wa bandarini aliyepewa kazi ya kukaa getini hajarudi kazini kikamilifu, hata mshahara ukiwa uleule. Na uliza hali kabla ya ajali. Asiyekuwa na kazi tangu awali hapimwi kwa ajira, hupimwa kwa kama angeweza.

Kusoma namba na kuziandika

Mabadiliko ya alama 1 au 2 za MoCA kati ya ziara mbili usiyaite kupona. Mtu hujifunza kipimo, kwa hiyo tumia matoleo mbadala, na mpimaji awe yuleyule ikiwezekana. Ubora wa maisha nao husogea kwa sababu nyingine: mwezi wa 3 mtu anajilinganisha na alivyokuwa, mwezi wa 12 anajilinganisha na jirani wa kitanda aliyekufa. QOLIBRI ikipanda na GOSE ikibaki palepale, huenda amezoea, na kuzoea si kitu cha kupuuzwa.

Ripoti nzuri ni fupi na inataja mazingira: «MoCA 21/30 (toleo la 2, Kiswahili, miaka 8 ya shule, alama 1 imeongezwa, mkono wa kulia kwenye plasta, mchoro wa mchemraba haukufanyika). QOLIBRI fupi 46. GOSE 5, kwa mahojiano na dada yake. Alilala kwa muda wa saa 4, dawa ya kifafa asubuhi.» Anayesoma miezi sita baadaye ataweza kurudia hali ileile.

Mgonjwa akidai fidia ya kuumia kazini chini ya sheria ya WIBA ya 2007, pima kama unavyompima mwingine yeyote, na uandike ulichokiona. Alama za chini zisizolingana, mfano anashindwa maneno rahisi lakini anasimulia safari ya jana kwa kirefu, zielezwe bila kumwita mwongo; maumivu, sonona na woga hufanya hivyo pia.

Wengi watauliza swali moja tu: naweza kurudi kuendesha pikipiki? MoCA ya 27 si leseni. Jibu linahitaji muda bila degedege kama alivyoagiza daktari wake, macho yaliyopimwa pamoja na upana wa kuona pembeni, kasi inayofaa kwenye sehemu B, na jaribio la kuendesha mahali pasipo magari akiwa na mtu mzoefu. Kimoja kikikosekana, mwandikie tarehe ya kurudi kupimwa tena, na umweleze ndugu yake pia, kwa sababu mgonjwa anaweza kuisahau tarehe hiyo kabla hajafika getini.